Televisheni Ilipokuwa na Barza Yake

Tarehe 21 Mei 2008 kisiwa cha Unguja kilizimika. Njia ya umeme unaovuka bahari kutoka Bara ilipata hitilafu, na kwa karibu mwezi mzima watu walirudi kwenye vibatari, mishumaa na taa za chemli. Maji yakawa shida, maana pampu nazo zinataka umeme. Wenye hoteli walikesha wakichoma mafuta ya jenereta. Kisha, baina ya miezi minane na kumi baadaye, watoto wakazaliwa kwa wingi usiokuwa wa kawaida. Mchumi Alfredo Burlando alizipitia kumbukumbu za uzazi za Zanzibar, na mwaka 2014 akachapisha matokeo yake katika jarida la Demography. Ongezeko lilikuwa la kweli, na lilitokana na giza lile.

Watu walicheka waliposikia, na kwa nini wasicheke? Lakini ndani ya utafiti ule mna jambo zito. Vijiji vyote vyenye umeme vilipata ongezeko linalofanana, hata vile ambavyo nyumba zilizoungwa ni za kuhesabu. Vijiji visivyo na waya hata mmoja havikubadilika. Maana yake, nyumba isiyo na umeme, maadamu ina jirani mwenye umeme, nayo iliguswa na giza. Iliguswa vipi? Kwa anayeijua Unguja jibu halifichiki. Jioni wenye nyumba hawakuwa kwao. Walikuwa kwa jirani, au kwenye duka la kona, au barzani, mbele ya televisheni ya mtu mwengine. Seti ilipozimika, wageni wote wakarudi nyumbani mapema.

Mazungumzo yetu juu ya televisheni, tangu misikitini mpaka Baraza la Wawakilishi, huhusu kile kinachooneshwa: nguo fupi, busu, matusi, mila za watu. Hilo ni swali halali. Lakini miaka hamsini ya televisheni katika kisiwa hiki inanifanya niamini kwamba lipo swali jengine lenye uzito zaidi, nalo ni hili: unatazama na nani, na nani anasema neno baada ya kutazama?

Kikwajuni ni mahali pazuri pa kuliuliza. Mtaa huu uko ukingoni mwa Ng'ambo, upande wa Mji Mkongwe, kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Hapa ndipo Wajerumani wa Mashariki walipojenga fleti za mwanzo za mji mpya baada ya Mapinduzi ya 1964, kabla majumba marefu ya Michenzani hayajainuka. Familia zilizotoka kwenye nyumba za udongo zilipewa ngazi za saruji, bomba la maji na majirani wa juu na chini. Na mwendo mfupi tu kutoka hapo ipo Karume House, nyumba ya Televisheni Zanzibar.

TVZ ilianzishwa mwaka 1973, na ilikuwa ya rangi. Katika Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara ilikuwa ya kwanza. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini huko kote picha zilianza kwa nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara haikuwa nayo kabisa. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa itakayopanua pengo baina ya wenye nacho na wasio nacho, na Bara ikangoja mpaka mwaka 1994 stesheni za watu binafsi zilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Jamhuri ni moja, bahari iliyo katikati mtu huivuka kwa boti, lakini mtoto wa Unguja aliiona picha ya rangi miaka ishirini kabla ya mwenzake wa Bara.

Iliyolipa ni karafuu. Zao hilo liliingiza fedha za kigeni nyingi miaka ile, na serikali ikazielekeza kwenye majumba, barabara na mitambo. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na kazi ikakamilika chini ya Mzee Aboud Jumbe. Tusiipambe historia: ilikuwa ni miaka ya mgao na foleni, chakula kutoka nje kimebanwa, mama anaamka alfajiri kutafuta mchele. Mtu mwenye njaa ana haki ya kuuliza picha za rangi zinamfaa nini, na swali la Mwalimu lilikuwa swali la haki.

Jibu la Unguja lilikuwa katika namna seti zenyewe zilivyowekwa. Wachache mno waliweza kununua, kwa hivyo serikali ikaziweka mahali pa watu wote, mjini na mashamba. Taarifa ya habari, hotuba ya Rais, ngoma, mchezo wa kuigiza, mpira, vyote vilitazamwa na kundi. Wazee mbele, watoto chini mchangani, akina mama upande wao na kanga zao, na vijana nyuma wamesimama. Hakuna aliyeshika rimoti. Hotuba ilipokuwa ndefu, watu walizungumza juu yake papo hapo, wengine kwa sauti ya chini wakijua nani amekaa karibu. Nyakati zile maneno yalikuwa na gharama. Lakini hata kukaa kimya mbele ya seti ya umma kulikuwa na maana, na waliokuwepo waliielewa.

Kutazama pamoja hakukuanza na TVZ. Watu wa mji huu walikwisha kuingia chuoni zamani, kwenye senema. Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi zilikuwa na watu wake, na filamu za Kihindi ndizo zilizotawala. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa hapa na watu wasiojua hata neno moja la Kihindi, na bado wapo wazee wanaoweza kukupigia mluzi nyimbo zake. Waliotoka senema waliihamishia filamu barzani. Mmoja anasimulia, wa pili anamsahihisha, wa tatu anauliza kama baba yule alifanya haki kumfukuza mke wake. Watunzi wa taarabu wakazichukua tuni, wakazivisha maneno ya Kiswahili, na harusini watu wakazicheza kama zao. Bombay ilifika Ng'ambo kwa njia hiyo, na ilipofika ilikuta watu wana la kusema.

Ndiyo maana siziamini kauli kwamba mtu wa zamani alikuwa mtupu, skrini ikamjaza. Kila kilichoingia kilipita kwanza kwenye midomo ya watu. Katikati ya Mji Mkongwe ipo barza maarufu, Jaws Corner, inayobeba jina la ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Filamu ya Marekani imeacha jina lake, basi. Lililobaki pale ni kahawa, kashata, dhumna na siasa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Jaws Corner ikajulikana kuwa kituo cha wapinzani, na kule Michenzani maskani ya Kisonge, na ubao wake wa maandishi makali, ikajulikana kuwa ya CCM. Wachunguzi wa chaguzi, mara baada ya mara, waliandika kwamba redio na televisheni za serikali zinaipendelea CCM. Waliosema hivyo walisema kweli. Lakini mtu wa Mji Mkongwe hakuwa akingoja ripoti ya mchunguzi. Alitazama taarifa ya saa mbili, akatoka nje, na barza ikamwambia kilichoachwa.

Utafiti mmoja umelieleza jambo hili la kutazama pamoja vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Tanja Winther, mwanaanthropolojia wa Norway, aliishi Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki, ambako umeme ulifika mwaka 1990 kwa msaada wa nchi yake. Mwaka 2008 alitoa kitabu juu ya kile umeme ulichofanya kule. Televisheni ndiyo iliyochukua jioni. Mwenye seti aliacha mlango wazi, na majirani wakaingia. Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wanaume na wanawake, ambao kwa kawaida jioni huwa mbalimbali, huyu barzani na huyu uani, wakajikuta ndani ya chumba kimoja, macho yao upande mmoja. Wakubwa wa kiume walipewa viti, wanawake na watoto wakakaa chini kwenye mkeka. Heshima ilihifadhiwa kwa namna ya kukaa. Lakini mwanamke na mwanamme wa nyumba tofauti walisikia kicheko cha kila mmoja, na mwanamke akaijua taarifa ya habari saa ile ile mwanamme alipoijua, pasi na kungoja kuletewa.

Hayo ni mabadiliko makubwa, wala hakuna kipindi kilichoyahubiri. Yalitokana na mlango wazi na mkeka.

Vilevile yalikuwa na gharama. Mazungumzo ya mume na mke yalipungua. Hadithi za bibi, zile za sungura na fisi zinazoanza kwa paukwa, zilikosa saa yao. Kwa mwenye seti, kuwapokea watu kila usiku kulikuwa ni mzigo, na kuwafungia mlango kulikuwa ni aibu. Nayataja kwa sababu sitaki mtu adhani naililia zamani iliyokuwa tamu tupu.

Halafu likaja dishi. Miaka ya tisini na baada yake, paa za Kikwajuni, Kilimani na Mji Mkongwe ziliota mabakuli ya bati yaliyoelekezwa mbinguni. ITV ya Dar es Salaam ilituletea Isidingo ya Afrika Kusini, na watoto wetu wakaujua mgodi wa Horizon Deep kabla hawajafika Makunduchi. Satalaiti za Kiarabu zikaleta swala ya tarawehe moja kwa moja kutoka Makka, tamthilia za Misri, na televisheni ya Oman, ambako nusu ya mji huu ina ndugu. Buibui la kale, lile la kufungwa kwa kamba na kushikwa kwa mkono, liliondoka, na abaya la Dubai, lenye nakshi na mkono mpana, likashika nafasi yake. Ndugu waliorudi kutoka Ghuba na masanduku yao wana sehemu kubwa katika hilo. Lakini picha iliingia kila nyumba, hata ile isiyokuwa na mtu Maskati. Nataka hili lisikike, kwa sababu tunapolalamika kwamba televisheni imetuharibia mavazi, huwa tunamaanisha nguo za Magharibi peke yake. Vazi lililobadilika zaidi Unguja katika miaka thelathini hii lilibadilishwa na Mashariki, na hatukupiga kelele kwa sababu lilikuwa la stara.

Kiswahili nacho kikaingia kwenye tamthilia za kigeni. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina juu ya Doudou na mama wakwe zake, imetiwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping aliitaja mwenyewe katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mkwe ni mkwe, Beijing au Pangawe, na watu waliipenda. Mwisho wa mwaka huo huo Azam TV ikaanza matangazo, mali ya kampuni ya Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar. King'amuzi cha Azam kikaingia kila pahala, na ndani yake ikaja Sultan, tamthilia ya Kituruki juu ya Suleiman na kasri lake la Istanbul, nayo kwa Kiswahili.

Juu ya Sultan nataka kukaa kidogo.

Saa yake ilipofika, Unguja ilikuwa ikitazama. Wanawake walimjadili Hurrem kama jirani aliyeolewa mtaa wa pili. Hurrem alikuwa mtumwa. Alichukuliwa kwao, akapelekwa kasri, akawa suria, kwa akili na ujasiri akapanda mpaka akawa mke wa Sultani. Tamthilia inampaka hariri na johari, na mtazamaji anamshangilia.

Sasa mtazamaji huyo amekaa wapi? Amekaa dakika chache kutoka Forodhani, mbele ya kasri za masultani wetu wenyewe. Amekaa karibu na Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Mtoni, kaskazini kidogo ya mji, mwaka 1844 alizaliwa Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi aliyetolewa kwao angali mtoto. Salme alitoroka mwaka 1866 kwa ajili ya Mjerumani Heinrich Ruete, na kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaieleza nyumba ile ya masuria kutoka ndani: husuda, mapenzi, ndui, sherehe, vifo. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Wapo watu wazima leo ambao bibi za bibi zao walikuwa masuria. Katika ukoo mmoja utakuta damu ya bwana na damu ya mtumwa, na mara nyingi haisemwi.

Hapo ndipo tamthilia ya kigeni inaweza kufanya kazi ambayo skuli zetu zimeiogopa. Msichana akitazama Sultan pamoja na bibi yake, akauliza, bibi, na hapa kwetu ilikuwa hivi? – basi mlango umefunguka. Bibi anaweza kusema, anaweza kunyamaza, anaweza kumkaripia. Vyovyote iwavyo, msichana ameuliza. Akitazama peke yake, kinachobaki ni hariri. Anajifunza kwamba kuwa suria ni njia ya kupanda cheo, na hapana wa kumwambia kuhusu watumwa waliokufa baharini.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na baadhi ya mafundi waliokuwa wakiikarabati walipoteza maisha. Kasri la Istanbul lilikuwa liking'ara ndani ya masebule yetu, na sehemu ya la kwetu ilikuwa imelala chini kwenye vifusi pale Forodhani. Wapo waliolia siku ile, nami nawaelewa. Lakini jengo hujengwa upya. Hadithi za waliokuwa ndani yake zinahitaji mtu wa kuzisema kwa Kiunguja, mbele ya kamera, na kwa ukweli wote.

Leo televisheni ya Kikwajuni iko mfukoni. Katika fleti moja baba anatazama mpira wa Uingereza sebuleni, mama ana tamthilia yake chumbani, mtoto wa kiume amejaza masikio vidude vya kusikilizia, na binti anapitisha video fupi kwa kidole mpaka usiku wa manane. Kila mmoja ana nchi yake. Wazazi wananung'unika juu ya maadili, na manung'uniko yao yana msingi. Yapo mambo kwenye simu za watoto ambayo mtu mzima hawezi kuyatazama. Lakini mzazi anayetaka kuzuia amechelewa, na hana mkono mrefu kiasi hicho. Kizazi cha Majestic kiliona mambo mengi mazito, mauaji na uasherati, na kikayahimili kwa sababu kila picha ilipata mtu wa kuipinga usiku ule ule. Mtoto wa leo hana mpinzani.

Kiu ya kutazama pamoja haijafa. Mwezi Disemba 2017 timu yetu ya soka, Zanzibar Heroes, ilikwenda Kenya kwenye mashindano ya CECAFA. Ulikuwa ni mwaka mchungu: mwezi Machi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uanachama kamili, na mwezi Julai ikautwaa tena. Vijana wakaitoa Uganda kwenye nusu fainali. Tarehe 17, kule Machakos, fainali dhidi ya Kenya iliisha kwa mabao mawili kwa mawili, tukashindwa kwa penalti. Watu wa CCM na wa upinzani walikuwa mbele ya skrini zile zile, na walipoumia waliumia pamoja. Ligi ya Uingereza kwenye vibanda vya kulipia inakusanya vijana kila wiki, lakini ni wanaume watupu, na timu si yao.

Ninachokitaka hakihitaji fedha za karafuu. TVZ imeungana na redio na kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, na ni mali ya umma. Ina Kiswahili ambacho nchi nzima inakionea wivu. Kisiwa kina waigizaji, kina Tamasha la Filamu la ZIFF linalofanyika tangu 1998, kina Ikhwani Safaa inayopiga taarabu tangu 1905. Nataka ZBC itoe tamthilia ya Jilfidan na binti yake, na ndani yake wawemo pia waliobeba maji na kuni za kasri, ambao Salme mwenyewe aliwatazama kwa jicho la bwana. Sauti za fleti za Wajerumani ziwemo, za foleni ya mchele ziwemo, za Uroa usiku wa kwanza wa umeme.

Na ikitoka, isianzie kwenye simu. Mnazi Mmoja pana uwanja, na watu wa Kikwajuni wanaweza kushuka kwa miguu na mikeka yao. Sehemu ya kwanza ioneshwe pale Ijumaa usiku, bure, na ikimalizika taa ziwashwe mapema, watu wapewe nafasi ya kubishana kabla hawajarudi majumbani.